Nikusumbue Kidogo

Mama yangu siku hizi ananiomba maji kama mpita njia aliyekuta mlango wa watu uko wazi. "Mwanangu, samahani, nikusumbue kidogo, kama hujachoka." Nimechoka. Yeye mwenyewe anajua, maana anasikia ninavyovua viatu. Natoka kazini, nashuka teksi, napanda ngazi za jengo letu hapa Troyeville, Johannesburg, ambalo lifti yake imegeuka stoo ya ndoo na mifagio, na kabla sijaweka mfuko chini naisikia sauti hiyo laini kutoka chumbani ikiniomba radhi kwa kuwa ina kiu.

Wiki iliyopita nilikwenda Malvern kumchukulia dawa, nikapita Jules Street kwa miguu. Nilikuwa sijaipita kwa miguu kwa miaka mingi. Nilipofika kwenye roboti, taa zile za kuongozea magari, nikatazama ng'ambo kulitafuta duka la Mchina. Jengo lipo. Duka halipo. Wanauza vifuniko vya simu, na mbele wameweka wavu wa chuma kutoka sakafuni mpaka darini, wenye kitundu cha kupitisha mkono. Mteja ananyoosha kidole, anaingiza noti, kitu kinatoka. Hakuna anayeomba na hakuna anayekaribisha. Nilisimama pale na mfuko wangu wa dawa nikaona kama nasikia harufu ya tangawizi na mabeseni mapya ya plastiki.

Kaa kidogo, rafiki yangu, nikueleze.

Baba alikuwa mtu wa huku. Alikimbia nchi akiwa kijana, akaishi Morogoro miaka mingi, akamwoa Mama, wakanizaa. Mambo yalipobadilika huku, mwaka ule wa tisini na nne, akatuchukua tukaja Johannesburg. Nimewahi kusema kwamba Baba alikuwa anarudi, sisi wawili tulikuwa tunakuja. Na hizo ni safari mbili tofauti, hata kama mmekaa kiti kimoja cha basi. Baadaye alikwenda mbali kutafuta kazi. Akawa anakuja sikukuu, kisha sikukuu moja moja, kisha tukazoea. Mama hakumsema vibaya. Alifungua sanduku, akatoa cherehani yake ya miguu vipande vipande, akaiunga, akatafuta pa kuiweka.

Alipapata kwenye baraza la duka la vyuma lililokuwa limefungwa, Jules Street. Pale alikunja pindo za suruali, akabadili zipu, akapunguza sketi za shule kwa ajili ya wadogo na kuzirefusha kwa ajili ya wakubwa. Mlango wa pili ndilo duka la Mchina: mablanketi, viatu vya raba, mabeseni, vifungo, nyuzi. Mama alinunua nyuzi zake humo, na mimi nikitoka shule nilikaa humo, kwa kuwa nje kulikuwa na magari na vumbi, na Mama alipenda kuniona kupitia kioo cha dirisha.

Dukani walikuwa wawili. Mwenye duka, mwanamume mwembamba aliyeongea Kiingereza kidogo na Kizulu kidogo, na alikuwa ameshaokota neno "eish" akalitumia kwa kila jambo, furaha na msiba. Na mama yake, bibi mfupi mwenye koti la pamba, ambaye hakujua lugha yoyote ila ya kwao. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, akimenya karanga au akichambua mboga. Na mboga yenyewe ilikuwa mchicha! Ulijiotea nyuma ya ukuta, kwenye kiwanja kitupu. Mama alikuwa akiuchuma upande huu, bibi upande ule, wakifika katikati wanainamishiana vichwa kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake majani laini. Ndivyo walivyojuana. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, ila walikubaliana kwamba watu wa mtaa huu hawajui kula.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha kuomba.

Nilikuwa nadhani najua. Mama alinilea kwa "naomba". Kwetu mtoto hasemi "nipe". "Nipe" ni neno la mkwaruzano. Unasema "naomba", unapokea kwa mikono miwili, na kama mkono mmoja una kitu, basi wa kushoto unaugusa wa kulia ili uonekane umekuja wote. Shuleni mwalimu wa Kiingereza akatufundisha kutia "pliizi" mwishoni, kama chumvi. Lakini bibi alikuwa na ngazi nzima, na alinipandisha taratibu, kidato kwa kidato, huku akinipa karanga kila nilipopatia.

Kidato cha kwanza ni "ching". Unakitanguliza mbele ya ombi: ching, keti, ching, ingia. Ni kama kumfungulia mtu mlango kabla hujamwambia apite. Kisha kuna "mafan ni". Hili nalipenda mpaka leo. Maana yake ni "nakusumbua". Hujifichi. Unakiri tangu mwanzo kwamba ombi ni mzigo, na kwamba wewe ndiye unayemtwisha mwenzako. Halafu, ili mzigo usimvunje mgongo, mwishoni unatia "ishya", yaani kidogo tu, mara moja tu. Nisogezee hicho, kidogo. Nitazamie hiki, kidogo. Nilipomweleza Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Ah! Kumbe ni watu kama sisi," akasema. "Na sisi si tunasema 'nipishe kidogo' hata tukitaka njia nzima?"

Na juu kabisa kulikuwa na kuuliza kwa kumwachia mtu pa kutokea. Hawamwambii "fanya", wanamuuliza "waweza, huwezi?", wote wawili pamoja, ili akitaka kukataa asitafute mlango, awe nao tayari. Bibi alinionyesha kwa vitendo. Alifunga mlango wa duka akaupiga kichwa, akajifanya anaumia. Kisha akaufungua nusu, akapita kiulaini, akatabasamu. Nikaelewa. Ombi zuri ni mlango ulio wazi nusu.

Watoto wa shule walinicheka. "Hei, Mchina mweusi, tuombee peremende!" Nami niliwaombea, na mwenye duka akasema eish, akatoa.

Lakini sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mambo. Baada ya kunifundisha yote hayo, bibi aliyakataza. Siku moja nilimwambia "mafan ni" ili anipe bakuli, akanipiga kofi la uongo mkononi. Akasema neno ambalo lilinichukua muda kulielewa: "kechi". Ni hali ya mgeni, ni kujifanya mgeni. Akanionyesha mlango, akanionyesha sakafu aliyokalia, akatikisa kichwa. Maneno yale ni ya watu wa nje. Aliye ndani anasema tu: bakuli. Kisha akanitia ufagio mkononi. Sisi tuna usemi wetu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwa na jembe. Tangu siku hiyo nikawa namwita Nai-nai, kama wajukuu wa kwao wamwitavyo mama wa baba, nikamwamuru kama walivyoamuru wao: Nai-nai, wali. Nai-nai, hamia huko, nafagia. Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Kwa Mama sikuthubutu kusema.

Basi, kipupwe cha mwaka mmoja, jengo la baraza letu likauzwa. Tajiri mpya akaweka geti la kukunja mpaka ukingoni mwa barabara, na Mama akajikuta kwenye lami tupu. Majira hayo Johannesburg haina mvua wala huruma. Baridi yake ni kavu, inapasua midomo, na upepo unatoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi ukikuletea unga wa njano machoni. Hilo Mama angelivumilia. Tatizo lilikuwa askari wa jiji. Walipita na lori, wakawa wanabeba vya waliokaa njiani. Tulishaona meza ya mwenzetu ikirushwa juu pamoja na machungwa yake. Kila lori lilipoonekana Mama aliikumbatia cherehani, chuma kile kizito, akaisukuma kwenye kichochoro. Ikichukuliwa, tumekwisha. Hatukuwa na kingine.

Wakati huohuo, ndani ya duka la Mchina, jambo likatokea. Mwenye duka aliondoa mabeseni dirishani. Akafagia pembe ile yenye jua la mchana, akaweka kiti. Kiti kitupu, kimeelekea nje. Siku zikapita, kiti kipo.

Jirani yetu, mama wa Kirundi aliyesuka nywele pale karibu, alikiona kabla ya wote. "Mais dada," akamwambia Mama, akianza na "lakini" ya Kifaransa kama kawaida yake, "huyu Mchina amekuwekea kiti, weye unangoja nini? Barua ya harusi?"

"Kiti hakisemi karibu," Mama akajibu.

"Kiseme na mdomo gani?"

"Labda amepata fundi mwingine. Mimi nikaingie nikalie cha watu?"

"Eh! Watanzania! Nyie mtakufa mnasema hodi."

Na kila asubuhi mwenye duka alitoka, akasimama kizingitini, akasugua viganja, akasema, "Eish, mama, baridi!" Mama akanyanyuka nusu kutoka kwenye kigoda chake na kumjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Ndiyo, baridi. Tunashukuru." Mwenye duka akangoja. Mama naye akangoja. Kisha mwenye duka akarudi ndani. Nadhani sijawahi kuona watu wawili wenye adabu namna ile, wala watu wawili waliopigwa baridi bure namna ile.

Nilikuja kumwuliza mwenye duka baadaye sana, nilipokuwa mkubwa: kwa nini hukusema tu? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakumvua Mama kitambaa kichwani. Alinieleza kwamba ukimpa mtu kitu ambacho hajaomba, umemwambia mbele ya mtaa kwamba umeiona shida yake. Unaweka kiti, unataja baridi, unamwachia yeye mwenyewe aseme. Lakini Mama alilelewa na bibi yake, aliyemfundisha kwamba mtu haombi mpaka akaribishwe. Mmoja alifungua mlango nusu, mwingine akangoja ufunguliwe wote.

Siku lori lilipogeuza hatua chache kutoka kwetu, na Mama akakwaruzwa mkono na ukingo wa cherehani akiikimbiza, jioni ile hakula. Alikaa karibu na jiko la mafuta ya taa akijifunga kitambaa mkononi. Mwisho akasema, "Wewe unajua lugha yao. Kesho utaniombea."

Tulilitunga ombi pamoja, yeye kwa Kiswahili, mimi nikilivisha Kichina. Alitaka kila heshima iwemo. "Anza na samahani. Tia lile la kusumbua. Tia na lile la kidogo. Mwachie nafasi ya kukataa." Asubuhi akakaanga maandazi, akayafunga kwa kitambaa safi, akanisuka upya, akanipaka mafuta magoti. Hakuja ndani. Alibaki nje akijifanya anatia uzi kwenye sindano.

Niliingia. Mwenye duka alikuwa anahesabu viatu, akaniachia njia. Nai-nai yuko kwenye kigoda chake, kapakata karanga. Nikasimama wima mbele yake, nikanyoosha maandazi kwa mikono miwili, nikasema yote: naona haya, ching, mafan ni, je, waweza au huwezi, kidogo tu, kumwazima mama yangu pembe ile. Sikukosea hata mahali pamoja. Nilimaliza nikangoja karanga yangu.

Uso wa Nai-nai ulikuwa umefunga. Hakuyapokea maandazi. Alinitazama tangu nywele mpaka magoti yaliyopakwa mafuta, kisha akamgeukia mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, "Nani huyu?"

Mwenye duka akaacha kuhesabu viatu.

"Nauliza, nani huyu mgeni? Kuna mtoto anafagia hapa, anakula hapa, ananiambia hamia huko. Yeye yuko wapi?"

Nilielewa kila neno, na machozi yakanijia. Nilikuwa nimemletea adabu zote alizonipa, na kwa adabu hizo nilikuwa nimejitoa nje ya nyumba yake. Nje kule, kupitia kioo, Mama alikuwa ameacha kujifanya anatia uzi.

"Sema tena," akasema Nai-nai. "Sema kama wa hapa."

Hujui jinsi ilivyokuwa vigumu. Kila nilichofundishwa na Mama kilinivuta nyuma. Kuomba pembe ya duka la watu, kuomba kazi ya mama yangu na chakula chetu, bila hata neno moja la kulifunika! Nilimwona Mama dirishani, mkono wake umefungwa kitambaa, nikajua kwamba angekuwa anasikia angeniziba mdomo.

"Nai-nai," nikasema. "Mama akae pale."

Bibi alinyanyuka, karanga zikamwagika. Akachukua ufagio, akakwenda kwenye kile kiti, akakipiga kwa mti wa ufagio mpaka kikaruka. "Kiti kimekaa!" akamfokea mwanawe, na nadhani pia mtaa mzima. "Kimekaa peke yake siku zote hizi, na mtu anatetemeka! Wajinga wawili!" Mwenye duka akasema eish. Akatoka nje bila koti, akaishika cherehani upande mmoja. Mama akashika upande wa pili, kwa mkono wake mzima, wakaiingiza. Wakiwa mlangoni Mama akasimama, cherehani imening'inia, akasema, "Hodi." Mwenye duka hakujua neno lile. Nikamnong'oneza jibu lake.

"Karibu," akasema.

Mama alikaa pembe ile kwa miaka. Kila asubuhi alisimama kizingitini akasema hodi, na kila asubuhi akajibiwa karibu kwa lafudhi ya ajabu, kwa maana Mama hakukubali kamwe kuwa wa ndani. Alikuwa mgeni mzuri mpaka mwisho, na wao wakamwachia awe hivyo. Mchana Nai-nai alimwekea wali na mchicha wenye tangawizi, Mama akasema nimeshiba, Nai-nai akasukuma bakuli, Mama akasema nimeshiba kweli, Nai-nai akasukuma tena, ndipo Mama akala. Mtu akipita nje angedhani wanagombana.

Nai-nai alifia hapa, Johannesburg, baridi moja ambayo haikuwa kali kuliko nyingine. Mwenye duka aliendelea kidogo, kisha akauza, akaenda kwa ndugu zake waliofungua biashara mji mwingine. Siku ya kuondoka alimwachia Mama kile kiti. Jirani yetu Mrundi alihama, sijui yuko wapi. Mama aliendelea kushona nyumbani mpaka macho yakamwisha, halafu miguu. Ile lugha nayo imenitoka. Nikijaribu kuhesabu vidato vya ngazi ile ya bibi, navikumbuka vitatu, vinne, vingine ni sauti tu. Watu ninaofanya nao kazi huwaandikia wenzao neno moja kwenye simu: tuma, lete, lini. Wala siwalaumu. Wamechoka kama mimi.

Nilirudi na dawa nikamkuta Mama amekalia kile kiti dirishani, blanketi magotini. "Samahani, mwanangu," akaanza, "nikusumbue kidogo..." Na mimi, rafiki yangu, ndipo nilipoelewa kwa nini uso wa bibi yule ulifunga. Kwa miezi yote hii maneno yale ya mama yangu yalikuwa yananichosha kuliko ngazi, na nilidhani ni ubaya wangu. Kumbe nilikuwa nauliza: nani huyu mgeni?

Nikakaa sakafuni karibu naye. "Mama, unakumbuka siku Nai-nai alipokipiga hiki kiti?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Yule bibi hakuwa na adabu."

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo," akakubali. "Ya kwake."

Akaegemea kiti, akafumba macho. Nje watoto wa jengo walikuwa wanapiga mpira ukutani, na jua lilikuwa bado halijaacha paa za Bertrams. Nilifikiri amelala.

"Maji," akasema Mama.

Hakuongeza neno. Nilinyanyuka na miguu yangu iliyochoka, nikaenda kumchotea, nikamletea kwa mikono miwili.